Mama Pasi na Bembelezi la Kwao

Habari hizi nilipewa na binti wa fundi cherehani mwaka jana, tulipokuwa tukifagia kanisa.

Mama Pasi alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kitinda mimba wa mfinyanzi. Vita vilipoingia alikimbia na shoga yake wa tangu utotoni, huyo fundi cherehani, wakaangukia chumba kimoja cha mabati, naye akapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi. Siku moja alimsikia mama mmoja wa kwao akimbembeleza mwanawe kwa lugha ya wenyeji, kwa kuwa ya kwao imemtoka. Aliweka pasi chini, akasema, "Mungu wangu, tutakufa mabubu." Hapo ndipo Mungu alipomwita. Kila Jumapili alikusanya watoto, akawafundisha nyimbo za kwao. Wazazi walimcheka: "Lugha hiyo itamwajiri nani?" Watoto wakapungua mpaka wakaisha. Hata binti wa fundi aliacha kuja.

Uzeeni fundi alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Lugha ya ugenini ikamtoka yote. Bintiye akimwuliza kama ana kiu, anamkodolea macho tu. Alikuwa akigonga mlango akitaka kurudi kwao, hapati usingizi mpaka Mama Pasi aje na miguu yake iliyovimba amwimbie bembelezi la kwao. Kisha kifua kikamlaza Mama Pasi mwenyewe, akamwita binti.

"Mwanangu, mimi ndio naondoka. Mama yako unamwachia nani?"

"Shangazi, lugha yenu naisikia, ila ulimi wangu mzito."

"Kwa umbea mbona mwepesi? Kaa hapa."

Akamfundisha lile bembelezi kitandani, huku akikohoa. Alifariki kabla ya ubeti wa mwisho.

Alituachia mfano huu, tumwige: asichoke kufundisha anayekataliwa. Na ajabu yake inayokumbukwa ni hii. Mchana ule walipotoka kuzika, fundi aligonga mlango mpaka mikono ikachubuka. Binti akaketi sakafuni, akaimba.

"Unaimba kama mbuzi aliyefungwa," mama akasema kwa lugha ya kwao. "Nani kakufundisha?"

"Shangazi Pasi."

"Huyo naye! Hajui kuimba tangu utotoni. Kesho akija nitamwambia."

Binti akaendelea kuimba mpaka alipoishia kujua, akalia. Mama akamvutia kichwa mapajani, akauchukua ubeti wa mwisho yeye mwenyewe, wote, bila kukosea. Binti alisinzia kwanza. Mama aliendelea kuimba, sauti ikishuka, ikishuka, hadi naye akalala.