Plakete za Noeli

Tulikuwa watu watano kwenye garaji moja ya Bigo, mujini: dereva wa taksi ya kushuka Tchomia, kwenye ziwa, fundi, mama muchuuzi wa samaki, mimi, na mutoto wangu mugongoni. Freni zilikuwa zinalia tangu tutoke, basi dereva akaingia pale.

Fundi alitoa gurudumu, akapima plakete, kile kibao cha freni chenye kubana gurudumu, kwa ukucha. "Imebaki karibu chuma tupu."

"Nabadilishaka kila Noeli," dereva akasema.

"Plakete si nguo ya sikukuu, kaka. Mwenye kuzunguka mujini tu, yake inaweza kupita mwaka. Weye unashuka mulima ya ziwa kila siku, gari imejaa. Yako uangalie kila mwezi."

"Leo tushuke polepole. Tukikawia hapa, huyu mama atakosa samaki ya kununua."

Mama akapindua beseni yake, akaikalia. "Nikose. Huyu iko na mutoto. Badilisha."

Mimi pia nilizani plakete inazeeka kwa miezi. Kumbe inaliwa na mulima, na kalenda yangu ya nyumbani haina mulima hata mumoja.

Fundi akaweka plakete mupya, na tulifika Tchomia saa kumi ya jioni. Samaki ilikuwa imeisha, na mama akalala kule kungoja pirogi za wavuvi za asubuhi.