Kuomba Choo Mara ya Pili

Nilipomaliza masomo ya biolojia, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kuomba watu choo. Chuo kikuu kimoja cha Bukavu kilitaka kujua kwa nini baadhi ya watoto wa Uvira, wakishapona kuhara, hunenepa upesi, na wengine hubaki wembamba hata wakila. Profesa wetu alifikiri jibu liko kwa vijidudu vinavyoishi utumboni mwetu, vile visivyotudhuru bali hutusaidia kusaga chakula. Ili avichunguze kwenye maabara, labo kama tunavyoiita, alihitaji choo cha watoto hao. Mimi nimezaliwa Kasenga, mtaa mmoja wa Uvira, kwa hiyo vikopo vya kukusanyia nilipewa mimi.

Mama yangu alivikuta juu ya meza.

"Nilikusomesha ili uokote mavi ya batu?"

Nilimkumbusha habari za mdogo wangu aliyekufa kwa kuhara kabla hajajua kutembea. Hakuna aliyewahi kutuambia tumbo lake lilikosa nini. Mama akavihamisha vikopo kutoka mezani hadi chumbani kwangu.

Nyumba za kwanza zilinifungia mlango. Watu waliogopa kwamba choo cha mtu kikiangukia mikono mibaya, anaweza kurogwa. Aliyeniuliza waziwazi ni mjane mmoja, mshonaji, aliyekuwa akimlea mjukuu aliyetoka hospitali majuzi. Alisimamisha cherehani mbele ya wanawake waliongoja nguo zao.

"Weye, mavi ya mutoto wangu unapeleka wapi?"

"Bukavu, mama. Ku labo."

"Na yako iko wapi? Ulisha itoa?"

"Bado."

"Anza na yako. Kisha urudi."

Asubuhi iliyofuata nilirudi na kikopo chenye jina langu. Profesa hakuwa na haja nacho, lakini wanawake wale walikihitaji. Nilikiweka ndani ya sanduku la barafu mbele yao, masikio yakiniwaka kwa aibu. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mshonaji hakucheka. Alimbeba mjukuu wake mgongoni, akanyoosha mkono.

"Nionyeshe namna ya kuifunga."

Baada ya hapo milango ilifunguka, na vikopo vikajaa.

Nilipanda basi dogo la Bukavu, sanduku miguuni. Tulipofika Sange tukakuta mvua ya milimani imejaza mto na kuikata barabara. Magari yalisimama kwa foleni. Nilinunua barafu kwa wauza vinywaji mpaka wakaishiwa, nikalifunika sanduku kwa kitenge, kisha kwa majani ya migomba. Jua la bonde la Ruzizi halikunihurumia. Tulilala pale, na kesho yake nilipoinua kifuniko, harufu iliwashusha abiria wote.

Nilimpigia profesa simu.

"Hizo sampuli zimekufa," alisema. "Tutatafuta mji mwingine, wenye njia nzuri."

"Watoto wanaohara wako huku, profesa. Niache nirudi kuwaomba."

"Watakubali tena?"

"Sijui. Ila nitawaomba."

Nilianzia kwa mshonaji, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi.

"Mama, yote imeoza mu njia."

"Yote?"

"Yote. Hata ya miye."

Aliutoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Na mvua ikinyesha tena?"

"Sitatoka Uvira mpaka nisikie njia iko wazi. Na barafu nitachukua Kalundu, ku bandari, ile ya vipande vikubwa wanawekeaka samaki."

"Wengine watakutukana."

"Watukane. Nitabisha hodi tena."

Alijifunga kitenge, tukatoka pamoja. Wapo waliokataa, na mmoja alinimwagia maji ya vyombo miguuni. Wengi walitoa. Kule Kalundu, wauza samaki walipojua sanduku lina nini, hawakuniruhusu kusogelea mikeke yao, samaki wa ziwa. Walinirushia mabonge ya barafu kwa mbali. Niliyaokota yote.

Safari ile tulipita. Fundi wa labo aligusa kikopo, akaurudisha mkono haraka kwa baridi, akatabasamu. Nilikaa kwenye ngazi nje nikalia.

Majibu yalichelewa. Yalipofika, nilimwomba profesa aniruhusu kuyapeleka Kasenga kabla hayajachapishwa popote, naye akakubali. Niliwaambia akina mama, katika ua wa kanisa, kwamba watoto waliobaki wembamba walikuwa wamepoteza aina nyingi za vijidudu vyema, na vilikuwa vikichelewa kurudi. Niliwaambia pia kwamba bado hatujui chakula gani kinavirudisha.

"Kumbe dawa hakuna," alisema mshonaji.

"Bado. Tunataka kujaribu uji wenye maharage na karanga, tuone."

"Mutaanza lini?"

"Siku ya kwanza ya kazi, asubuhi."

Nilipofika Jumatatu hiyo na sufuria ya uji, akina mama walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi ya kanisa, watoto mapajani, kila mmoja na kijiko chake.