Kichwa Kilichoungua Kikingoja Hotuba

Mke wangu alikuwa fundi wa mota. Si za magari. Ni zile mota za umeme za mashine za kusaga na pampu za maji, ambazo zikiungua hufunguliwa, waya wa shaba ukatolewa na mwingine ukafungwa. Kibanda chake kilikuwa Nakivubo, Kampala, na katika mstari ule wa mafundi mwanamke alikuwa yeye tu. Mimi nilikuwa konstebo wa polisi, na nilistaafu konstebo vilevile. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo jambo hilo halikunishangaza.

Siku moja bwana mmoja mwenye tai, daktari wa meno, alimwekea mezani kichwa cha treni chenye urefu wa kiganja. Mke wangu alidhani ni cha mtoto wake. Bwana akasema hapana, ni chake mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wazima wanaoendesha treni ndogo kwenye gereji yake kule Kansanga. Mke wangu alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akaifunga ile mota kwa waya mwembamba kama unywele. Tangu hapo vichwa vyote vilivyoungua Kansanga vililetwa kwake, na havikuwa vichache.

Chama kilikuwa na wanachama kumi na mmoja na mabawa mawili. Mwenyekiti aliongoza bawa la dijitali. Makamu wake, mwalimu mkuu mstaafu, aliongoza bawa la analogi. Walisalimiana kwa barua. Mimi sikujua wanagombania nini mpaka mke wangu aliponieleza kwa lugha ya kazi yangu.

"Analogi ni inspekta na filimbi yake," alisema. "Akipuliza, kituo kizima kinakimbia. Akizidisha, mnazidisha. Dijitali ni redio ya polisi. Umeme uko kwenye reli muda wote, amri zinapita humo humo, na kila kichwa kina chipu yenye namba. Ukiita namba tatu, anaitika namba tatu peke yake."

"Na kichwa kisicho na chipu, kikiwekwa kwenye hiyo reli ya dijitali?"

"Hicho ni wewe siku ya kwanza kazini. Kinasikia kelele tu. Unaweza kukiendesha kwa kuita namba sifuri, na kikitembea kinaponapona. Ukikiacha kimesimama kinavuma, kinapata joto, mwisho kinaungua."

Alikuwa na kichwa chake kimoja, cha kijani, alichokiunda kwa vipande ambavyo chama kilitupa. Hakikuwa na chipu. Jioni alikizungusha mezani kwetu Namuwongo kwa transfoma ya zamani, na treni ya kweli ilipopita nyuma ya nyumba, vikombe vikitetemeka, alikisimamisha. Alisema ni adabu kumpisha mkubwa.

Kule gerejini treni zilifika kwa saa. Stesheni ilikuwa na abiria wa plastiki, wazungu watupu, wenye miavuli. Mke wangu aliwachongea wauza nyanya watatu, akawapanga kando ya reli kama ilivyo kwetu. Chama kiliitisha kikao. Mabawa yote mawili yalikubaliana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwamba wale watatu wamevamia hifadhi ya reli. Wakapewa notisi ya siku saba.

Mke wangu alipofariki, chama kiliomba kumfanyia kumbukumbu. Nilikubali. Nilikuwa nakubali kila kitu siku zile. Kumbe kila bawa lilikuwa linadai marehemu ni wake. Walikaa vikao vitatu, wakaafikiana: kichwa chake cha kijani kitaanzia upande wa dijitali kwa namba sifuri, kivuke swichi, kimalizie upande wa analogi. Ratiba ilichapishwa kwenye karatasi nzuri, yenye picha yake. Vipengele kumi na sita. Mimi nilikuwa namba kumi na nne, neno la mjane. Kichwa kilikuwa namba kumi na tano. Namba kumi na sita ilikuwa soda.

Jumamosi hiyo mchana mwenyekiti alikipokea kichwa kutoka mkononi mwangu, akakiweka relini, akawasha umeme.

"Kitasimama hapa mbele yetu kwa heshima," alisema, "mpaka wakati wake."

Kikaanza kuvuma, kama nzi ndani ya chupa.

Nilijua. Hapo ndipo pa kusema ukweli: nilijua tangu dakika ya kwanza. Lakini nimekaa kwenye magwaride miaka thelathini nikimngoja mgeni rasmi, vijana wakianguka kwa jua, na hakuna aliyetoka mstarini. Hata hospitali nilikaa kwenye benchi na kikaratasi chetu cha namba, mke wangu akiniegemea, nikangoja tuitwe. Kungoja ndiyo kazi niliyofundishwa.

Mwenyekiti alisema marehemu alikuwa mwanamke wa kisasa, mtu wa dijitali hata kama mwenyewe hakujua. Makamu akasimama bila kuitwa.

"Ssebo, bwana, usimbebe marehemu mchana kweupe! Kichwa hicho kina chipu? Fungua tuone chipu!"

"Mwalimu, hapa si darasani kwako."

"Ingekuwa darasani ungekuwa umepiga magoti!"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka ni kumbukumbu. Nikaomba moyoni umeme ukatike. Umeme wa Kampala, ambao hukatika hata padri akiinua kikombe, siku hiyo ulikaa kama askari wa zamu. Tulikuwa namba tisa niliposikia harufu. Ni harufu ya vanishi ya waya ikiungua, na nimeishi nayo kwenye nguo za mke wangu ndoa nzima.

Nikasimama.

"Afande, kaa kwanza," mshereheshaji aliniambia kwa upole. "Wewe ni kumi na nne."

Sikukaa. Nilikiinua kichwa, kikaniunguza vidole, nikakifunga kwenye leso. Hakuna aliyenizuia, basi nikatoa neno la mjane hapo hapo.

"Mlikuwa mnauliza alikuwa wa bawa gani. Alisema analogi mnaunguza mota kwa kukimbiza, na dijitali mnaunguza kwa kuziacha kwenye umeme mkibishana. Alikuwa anawacheka nyote. Lakini kazi yenu aliipenda. Kitalo, pole kwetu sote."

Soda sikuinywa.

Baadaye chama kiliniletea barua kunijulisha kwamba kipengele cha kumi na nne kilitangulia cha kumi bila idhini, na kwamba jambo hilo limeingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Nyumbani nilikiweka kichwa kwenye transfoma yake. Kilishtuka, kikasimama. Ukikisukuma kwa kidole kinasogea kidogo. Nikakipeleka Nakivubo, kwa fundi aliyerithi kibanda. Alikifungua, akaninyooshea ncha ya bisibisi.

"Ona, Afande. Koili ziko tatu. Hii moja imekufa, hizi mbili ziko sawa. Lakini mimi natoa zote, nafunga mpya. Itakwenda kama ya dukani."

"Hizo mbili alizifunga yeye."

"Maama alikuwa na mkono mzuri. Lakini ukifunga moja tu, haitalingana na wenzake. Itakwenda ikichechemea. Sasa Afande, unataka itembee vizuri, au unataka iwe yake?"

"Funga hiyo moja. Hizo mbili usiziguse."

"Kalete kiti basi, ama rudi kesho. Kuna watu wanne mbele yako."

Nikamwambia sirudi kesho, anifungie sasa hivi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na wale wanne wakageuka kuniangalia. Fundi akavuta taa karibu. Nilisimama nyuma ya bega lake muda wote, na kila koleo lake lilipozikaribia zile mbili, nilisema aziache.