Kioo Kipana cha Mzee Bitegeko

Aibu yangu kubwa kuliko zote (na ninazo nyingi, maana mtu hawezi kuzurura nchi hii tangu ujana hadi miaka arobaini na kitu bila kuokota aibu njiani) niliipata stendi ya Kayanga, mchana kweupe, nikiwa na sanduku la mwanamke nisiyemjua kichwani huku akina mama wakinipigia vigelegele. Na yote yalianzia dukani, kwa kuchagua televisheni.

Nilimaliza kidato cha nne Korogwe, matokeo yakawa ya aina ile inayomfanya kijana apende kusafiri. Nikapanda basi hadi Morogoro, hapo nikadandia treni ya Mwanza, daraja la tatu, na kwenye behewa nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao ambaye kila tulipopita nchi yenye ukame alitikisa kichwa akaniambia Karagwe hakuna njaa, Karagwe mti wa kahawa unamjengea mtu nyumba ya bati. Sikuwa na pa kwenda, nikaona basi niende huko. Mwanza nikaingia melini, nikalala juu ya magunia, asubuhi Bukoba, kisha lori la chumvi na sabuni likanipandisha kupitia Kyaka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilipofika nikauliza mbona sioni nyumba, wakacheka, nyumba zote zilikuwa ndani ya migomba.

Aliyenipa kazi alikuwa Mzee Bitegeko, mtu wa Muleba kwa asili, mnunuzi wa kahawa pale Kamuli (siku hizi mnasema Wilaya ya Kyerwa, wakati ule yote ilikuwa Karagwe). Mimi nilisimama kwenye mizani, nikalala stoo pamoja na magunia, na jina langu halikuulizwa tena, nikawa Mtanga. Mkewe, Mama Koku, alinilisha kama mwanawe. Alikuwepo pia Bibi, mama yake Mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini macho yake hayakuwa ya kuokoteza hata kidogo.

Koku mwenyewe, yule ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake, mimi sikuwahi kumwona. Alikuwa Dar es Salaam, anafanya kazi kwa mpiga picha, na hakuwa amekuja nyumbani kwa miaka kadhaa. Mwalimu Deus wa Kayanga alikuwa amempenda tangu wakiwa shule, barua zilikwenda na kurudi, posa ikaletwa na ikapokelewa. Halafu mtu mmoja akarudi kutoka Dar akasema amemwona Koku, amekonda.

Kwa msomaji wa leo hilo si neno. Kwetu miaka ile, Kagera, baada ya ugonjwa ule na makaburi yale yote tuliyoyachimba katikati ya migomba, kukonda lilikuwa neno la kusemwa kwa sauti ya chini. Shangazi yake Deus, Yustina, mjane aliyemlea Deus tangu utoto na ambaye bila yeye mahari isingetoka, akanyamaza kimya. Mahari ikasimama. Mama Koku akaanza kwenda misa ya kila siku.

Ndipo ikaja kanda ya video. Koku aliituma kwa dereva: harusi ya mfanyakazi mwenzake, na yeye mwenyewe yumo, anagawa keki. Mama Koku akasema kwa utulivu, "Waite akina Yustina waje wamwone kwa macho yao." Deki Mzee alikuwa nayo, jenereta alikuwa nayo, kilichokosekana ni televisheni ya maana, maana ile ndogo ya kutumia betri ya gari ilikuwa imeshakufa. Kahawa mwaka ule ilikuwa na bei nzuri. Mzee akanituma Kampala, kwa kuwa mimi nimesoma.

"Inchi ishirini na moja," akaniambia. "Umesikia, Mtanga? Ya kawaida."

Nikachukua kamba ya mgomba, nikaipima sebule yake: fundo moja upana wa meza, fundo jingine kutoka mezani hadi viti vya wageni. Dukani Kampala nikaitandaza kamba yangu sakafuni mbele ya watu (hiyo nayo ilikuwa aibu, lakini ndogo). Muuzaji, kijana mpole, akanieleza kwamba inchi hazipimwi kwa upana, zinapimwa kona hadi kona, na kwamba ukikaa karibu mno na kioo kikubwa picha inakuwa chengachenga. Akasema kwa kamba hii, ishirini na moja inakutosha kabisa.

Kama ningelipa nikaondoka, mngeniheshimu. Lakini pembeni ilikuwepo nyingine, mpya, kioo chake kimelala kama benchi, kirefu kwenda kando. Nikaanza kufikiri (hapo ndipo mambo yangu huharibika). Nikaikumbuka sebule ya Mzee siku ya wageni, wazee vitini, wanawake mkekani, na wengine wote kwenye mabenchi ya ukutani kushoto na kulia, wakipinda shingo. Nikasema moyoni, kioo kipana kitawafikia hata wa pembeni. Yaani niliamini kioo ni kama meza ya chakula, ukiirefusha watakaa wengi. Muuzaji akaiwasha, ikaonyesha samaki wa baharini wakiogelea, wanene, wanang'aa, na mimi nikaona ni uzuri wa mashine. Samaki wa baharini unene wake nani anaujua?

Mzee aliiona ikishushwa na wanaume wanne. "Hii ndiyo ya kawaida?" akauliza. Nikamweleza habari za mabenchi. Akaizunguka, akaipapasa, na nikaona amefurahi ila hataki nijue.

Jumapili baada ya misa tukaziba madirisha kwa mablanketi. Akina Yustina walikuja, Deus mwenyewe hakuja, maana mchumba haendi kukaa sebuleni kwa wakwe kabla ya wakati wake. Kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo, jenereta ikaunguruma nyuma ya jiko, na mimi, bwana fundi, nikabonyeza.

Jamani, Dar es Salaam ilikuwa imeshiba. Padri mashavu, bwana harusi mabega kama mlango, watoto wa maua kama vibuyu. Halafu akatokea msichana amebeba sinia la keki, uso wa mviringo, mikono imejaa, nyonga za kutosha, na Mama Koku akaweka kiganja mdomoni. "Ni Koku," akasema. "Ni mwanangu."

"Huyu ndiye waliyesema amekonda?" akauliza Yustina. Alikuwa mama mrefu, mifupa mitupu, mkali wa macho. Akasogea mbele na kiti chake. "Waitu, jamani, watu wana midomo."

Bibi peke yake hakushangilia. Aliangalia gari la maharusi likipita, akanivuta suruali. "Mtanga, gurudumu hili limebonyea."

"Limebeba watu wengi, Bibi," nikamjibu, na sebule nzima ikacheka.

Mahari ikatoka wiki ile ile. Siku ikapangwa, Koku akaandikiwa aje. Mama Koku akaenda kwa fundi cherehani, na alipoulizwa vipimo akasema, mshonee kama mke wa katekista (mke wa katekista akipita mlangoni hupita ubavu). Kila mtu akanishukuru mimi na kioo changu, na mimi nikazipokea shukrani, nikaanza hata kutembea kama mtu mwenye akili.

Siku ya kumpokea tukashuka Kayanga, ukoo mzima, na akina Yustina na ngoma yao. Mzee akasema Mtanga ndiye abebe mizigo ya bibi harusi, ni haki yake. Nikasimama mlangoni kabisa mwa basi. Wakashuka wanaume wawili, akashuka mama na mtoto, kisha akajitokeza dada mmoja, uso wa mviringo, mikono imejaa, nyonga za kutosha, na sanduku jekundu. Nilimfahamu mara moja, nimeshamwona mara ngapi kwenye kioo?

"Karibu nyumbani, dada Koku," nikasema kwa sauti ya kusikika stendi nzima, nikanyakua sanduku nikaliweka kichwani. Ngoma ikalia. Vigelegele. Yustina akamkumbatia kwa nguvu, akampangusa vumbi usoni kwa khanga yake mwenyewe, akampa na shada la maua. Yule dada alitabasamu kama mtu aliyeamua kutokuuliza. Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mama Koku ikijitahidi kupenya kwenye ngoma, "Mtanga, siye. Mtanga, siye huyo."

"Kaka yangu," yule dada akaniambia taratibu, "mimi nakwenda Omurushaka. Nilidhani labda ndivyo mnavyopokea wageni."

Ngoma ikafa kipande kipande. Na nyuma ya yule dada, kwenye ngazi ya basi, alikuwa amesimama msichana mwembamba, mrefu, mkoba wa kamera begani, akiangalia shada lake likiwa mkononi mwa mtu mwingine. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walimtazama shingo, wakamtazama mikono, wakatazamana. Najua aliona, maana tabasamu alilokuja nalo kutoka Dar lilipungua taratibu mpaka likaisha. Mama yake alikuwa bado anapenya umati. Aliyemfikia kwanza ni Mwalimu Deus, alitoka kando kule alikokuwa amesimama kwa heshima, akachukua begi lililopaswa kubebwa na mimi, akasema, "Umechoka? Hujabadilika hata kidogo." Mimi bado nilikuwa na sanduku la Omurushaka kichwani.

Yustina akamgeukia Mzee. "Bitegeko, mlituonyesha mwingine."

"Ni huyu huyu."

"Basi huyu amekwisha kwa miezi miwili. Sisi tunarudi kuzungumza kwanza."

"Ndizi zimeshamenywa," Mzee akasema, na hakusema zaidi, kwa sababu ndizi za mtu zikishamenywa kwa ajili yako huwezi kumwachia, huo unakuwa ugomvi wa kurithisha watoto. Yustina akapanda gari la kwenda Kamuli bila kumtazama mtu.

Sebuleni Kamuli tukakaa kama kwenye matanga. Koku akauliza ni nani aliyesema amenenepa. Hakuna aliyenitaja, walinielekezea midomo tu. "Iwasheni basi nijione," akasema. Akajiona na sinia lake la keki. Akacheka mpaka akainama, kisha hakucheka tena. "Mama, hukuona kuwa huyu siye mimi?"

Mama Koku alikunja ncha ya khanga. "Uso niliuona ni wako. Hayo mengine niliyapenda tu, mwanangu. Usiku ule nililala usingizi."

Koku akafungua mkoba, akatoa kamera ya video, ile ya kanda kubwa, akamwendea Yustina akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, shangazi. Tangu pale stendi sijakuamkia." Yustina akalazimika kuitikia. "Naomba unitazame humu kidogo, useme lolote."

"Sina la kusema na mashine."

"Basi hilo hilo."

Akaitoa kanda, akaitia kwenye deki. Na kwenye kioo kipana cha Mzee Bitegeko akaonekana mama mnene, mashavu yamejaa, shingo yenye mikunjo ya neema, akisema kwa ukali hana la kusema na mashine. Yustina akainuka. Akagusa shavu lake, akagusa mfupa wa bega, akaangalia tena kioo.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi. Kioo ni kipana kuliko kanda, kwa hiyo kinatuvuta. Kinamvuta kila mtu."

"Rudisha." Akarudisha. Yustina akatazama mara ya pili akiwa amesimama, na aliposema sauti haikuwa ile ya stendi. "Tangu nifiwe na mume wangu watu wananitazama shingo. Kanisani wananisogelea kwa kupima. Miaka yote hii, na mimi mzima, nalima shamba langu mwenyewe." Akamgeukia Koku. "Na leo mimi nikakutazama wewe hivyo hivyo." Akakaa chini, mkekani, si kwenye kiti. "Leteni hizo ndizi kabla hazijapoa. Mkwe wangu akae hapa."

Kutoka kona Bibi akasema kwa Kiswahili chake, "Gurudumu nilisema mimi." Safari hii hakuna aliyecheka.

Harusi ilifanyika. Gauni lilipunguzwa, na kitambaa kilichobaki kiliwatosha watoto wa maua wote. Mzee hakunifukuza, aliniambia neno moja tu, "Ishirini na moja," na akaendelea kuniambia hivyo kila aliponipita kwenye mizani. Ila jina la Mtanga lilikufa. Wakulima waliokuja kupima kahawa wakaniita Mnenepeshaji, wakaniuliza kama gunia nalo nitalivuta kidogo, na Jumapili watu wembamba walikuja na kanda zao za harusi kuomba wapitishwe kwenye kioo. Koku, kila akija kwao, alinisalimu kwa kuniuliza hali ya dada yetu wa Omurushaka. Hawakuwa na ubaya, na nikikumbuka leo naona palikuwa pazuri kuliko sehemu nyingi nilizokaa baadaye. Lakini ujana haupendi kuchekwa, na miguu yangu haikuhitaji sababu kubwa.

Niliondoka na lori la kahawa, asubuhi, msimu ulipokwisha. Mama Koku alilia, akanifungia chakula. Mzee alinipa mkono bila kutaja inchi, nikajua amenisamehe. Bibi alikuja wa mwisho, na kahawa ya kutafuna imefungwa kwenye jani la mgomba, akaniweka mkononi.

"Huko unakwenda," akasema, "watu watakuonyesha vitu vizuri. Wewe angalia gurudumu kwanza."

Nikapiga magoti nikamuaga. Kabla ya kupanda nikazunguka lile lori, nikainama mbele ya dereva na matingo wake na kuyatazama magurudumu yote, moja baada ya jingine. Yalikuwa ya mviringo. Nikapanda, na sikurudi tena.