Siku sokwe walipojaa sokoni Bweyeye

Saa mbili asubuhi, mjini Kamembe, Rwanda. Mudathiru anafungua karakana yake, anapangusa vumbi kwenye kompyuta, anaiwasha na kungoja. Nyuma yake redio za wateja zimejaa rafuni, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Leo hazigusi. Anafunua daftari la kwanza kati ya kumi na manne.

Madaftari ni ya Protais, mlinzi wa msitu wa Nyungwe upande wa Bweyeye. Tangu 1997, wakati wenye bunduki walipokuwa wakipita msituni na wataalamu wakawa hawapandi tena, yeye aliendelea kuandika: mnyama gani, siku gani, wangapi, wapi. Miaka hiyo hakuna mwingine aliyeandika.

Ofisi moja ya Kigali itayapokea kwa sharti: kila alichokiona kiwe mstari mmoja, wenye safu zilezile zinazotumiwa na makumbusho ya nchi nyingine, na kila mahali pawe na namba zake za ramani. Mwisho ni Aprili hii ya 2002. Baada ya hapo yanarudi kabatini.

Mudathiru, mwenye miaka 41, hakusomea kompyuta. Alijifunza redio Bukavu, upande wa Congo, kwa mjomba wake, vita vya 1996 vikamrudisha ng'ambo hii ya Rwanda, na kompyuta aliijua kwa kuifungua. Jedwali alilolitengeneza linafanana na karatasi ya visanduku. Ukiandika tarehe isiyokuwepo, kisanduku kinakuwa chekundu na hushuki mstari.

"Muntu akichoka anaandika ovyo," anasema. "Kompyuta haichoke. Nilizania inatosha."

Haikutosha. Kwenye safu ya mahali aliweka majina ya ramani tu, mengine yote yakakataliwa. Protais aliandika kama watu wa kwao wanavyosema, kwa majina ya wenye nyumba: juu ya kwa Nyiransabimana, chini ya kwa Nzabonimana. Concessa, mwalimu mstaafu anayechapa, alipambana na wekundu siku mbili. Mwishowe akawa anachagua jina moja lililokubalika: soko la Bweyeye.

Protais aliposhuka mjini, safari ya siku nzima kwa miguu na lori, alisomewa mistari yake 612. Kima, hondohondo, sokwe, wote sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao sokwe," akauliza, "walikuwa banauzisha nini?"

Concessa alicheka mpaka akavua miwani. Mudathiru hakucheka. Alimuuliza mzee kwa Nyiransabimana ni wapi hasa.

"Nyumba haiko tena. Mwenyewe alivuka Congo mu 94, hakurudia. Lakini miye napajua."

Mudathiru alilibomoa jedwali akaanza upya. Sasa safu moja inashika maneno ya Protais kama yalivyo, na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa. Ya pili ni ya namba, nayo inabaki ya njano mpaka mtu asimame palepale na kifaa cha setilaiti.

Mudathiru na Protais walitembea siku tisa. Kati ya mahali 52 wamepata 37. Kwa Nyiransabimana walikuta migomba mitatu na jiwe la kusagia. Siku ya tisa goti la Protais, mwenye miaka 67, likagoma. Zimebaki wiki tatu na mahali 15, na mwingine anayepajua hayuko.

Majirani wa Bweyeye wamejitolea kumbeba kwa ingobyi, machela ya kusuka ambayo kule inawashusha wagonjwa na wenye uchungu wa kuzaa. Protais alikataa. Hana uchungu wa kuzaa, alisema, na hafi. Concessa ndiye aliyepanda hadi kwake na kuongea naye.

Amekubali. Jumatatu wanaanza, wabebaji wanne wakipokezana. Sharti lake ni moja: kila wakifika wamteremshe, asimame kwa miguu yake, ndipo Mudathiru abonyeze kifaa.