Mbwa, Ufito na Mbeleko ya Paskazia

Paskazia wa Ntalikwa alikuwa mwoga wa mbwa, na mimi simlaumu hata kidogo. Ungeona aliyoyaona yeye, ungekimbia hata paka. Alipokuwa msichana kwao Igalula, mjomba wake aling'atwa na mbwa wa njiani, jino moja tu kwenye kidole. Mjomba akacheka, akapaka majivu, akarudi shambani. Watu wameshasahau kabisa, kichaa cha mbwa kikampanda. Walimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba yake mwenyewe mpaka akakata roho, na Paskazia aliyasikia yote akiwa jikoni, amejiziba masikio kwa viganja. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hakuumwa yeye, lakini alishtuka kuwapita walioumwa.

Sasa sikia. Mumewe, Bundala, mtu mwema ila kufikiri mara mbili hakujaliwa, alikuwa anajiandaa kwenda Tanga kukata mkonge, maana kodi ya Mwingereza haimsubiri mtu. Siku mbili kabla ya kupanda treni akamletea mkewe nini? Mbwa! Dume la kahawia, bado mchanga, masikio yamesimama wima, miguu mirefu isiyojua pa kwenda.

"Nguruwe watamaliza karanga zako," Bundala alisema. "Na fisi wa huku hawana adabu. Huyu atakulinda wewe na mtoto."

"Na mimi nani atanilinda na yeye?"

Bundala alicheka. Akampa mbwa jina la Watasema, kuwajibu majirani waliokuwa wakimsengenya kwamba anamkimbia mke, kisha akaenda zake stesheni. Paskazia akabaki na mbwa uani na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo, Josepha, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Kabla yake Paskazia alikuwa amezika wawili, kwa hiyo huyu wa tatu hakumweka chini hata akienda kuchota moto kwa jirani. Alimbeba katika mbeleko ya ngozi ya mbuzi aliyopewa na mama mkwe, ngozi iliyopakwa samli mwaka hadi mwaka mpaka ikalainika na kunuka maziwa. Mtoto alilala humo, alikojoa humo, alikulia humo.

Watasema naye alikuwa balaa. Alitafuna ndala za ngozi, alifukuza kuku, alichimba mashimo ukutani. Paskazia alimrushia ugali kutoka mlangoni, akafunga mlango upesi. Ndipo siku moja akaja Shilinde, mdogo wake Bundala, mtega mitego katika pori la miyombo, mtu wa maneno mengi. Alimkuta shemeji yake amesimama juu ya kinu na mwiko mkononi, mbwa anamzunguka kwa furaha.

"Mwangaluka, shemeji! Umekuwa jogoo siku hizi? Mbona umepanda juu?"

"Cheka tu. Mwondoe kwanza!"

Shilinde alimwondoa, kisha akamweleza. Mbwa kijana akikosa kazi hujitafutia, na kazi anayojitafutia huwa hasara kwako. Wawindaji huwafundisha hivi: unachukua ufito mrefu, unafunga kamba ya magome, mwisho wa kamba unatia kipande cha ngozi. Unaburuta, mbwa anafukuza. Yeye anachoka, wewe humgusi.

Hayo ya kutomgusa ndiyo yaliyomwingia Paskazia. "Nieleze tena," alisema.

"Buruta chini chini, usirushe juu. Mifupa yake bado mibichi, akirukaruka utamvunja. Mchezeshe asubuhi, jua likikolea basi. Mara mojamoja mwache aishike, akikosa kila siku atapata kiherehere kibaya. Na akishaishika mwambie 'Wacha!' Asipoiacha, simama kimya, mchezo umekwisha. Tafuta kingozi chochote, shemeji, uanze."

Akaenda zake. Paskazia akatazama huku na huku. Ngozi ya porini hakuwa nayo. Ila mbeleko yake ilikuwa na ncha ndefu kupita kiasi, iliyokuwa ikimpigapiga kwenye vigimbi akitembea. Akachukua kisu, akakata ncha ile, akaifunga kwenye kamba. Mwanamke asiyependa kupoteza kitu alifanya jambo la maana kabisa. Hakuna mke pale kijijini ambaye asingefanya vilevile.

Na jamani, ule ufito ulifanya kazi! Watasema alikimbia mpaka ulimi ukaning'inia, akalala mchana kutwa kama mgeni aliyeshiba. Kuku wakatulia. Mapaja ya mbwa yakajaa nyama, akaanza kuwatoa nguruwe shambani mwenyewe. Akajifunza kukaa na kungoja, akajifunza kuachia akiambiwa. Paskazia, aliyekuwa hawezi kumpa mbwa kisogo, akajikuta anacheka kwa sauti, mtoto mgongoni naye anacheka kwa sababu mama anacheka.

Kicheko hicho kilimponza mara ya kwanza. Siku moja alisahau, akauinua ufito juu, mbwa akaruka, akageuka hewani, akaanguka vibaya. Alichechemea siku kadhaa, na Shilinde alipokuja alimsema shemeji yake mpaka akanywea. Lakini lile la mguu lilipona. Kulikuwa na jingine ambalo hakuna aliyelielewa. Siku hizi Watasema alikuwa akitembea nyuma ya Paskazia, karibu sana, pua imeelekea mgongoni, macho hayapepesi. Paskazia aliliona akadhani ni mapenzi. "Anampenda Josepha," aliwaambia majirani, na kwa kweli alifurahi.

Asubuhi moja walikuwa wanatoka kisimani kwa njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi waliikanyaga mpaka ikawa mtaro, kingo zake zinafika kiunoni. Mtungi kichwani, mtoto mgongoni, mbwa nyuma. Fundo la mbeleko lilikuwa limelegea kidogo na pembe moja ya ngozi ikawa inacheza kila hatua. Paskazia aliongeza mwendo kwa sababu mtungi ulikuwa mzito.

Akavutwa kwa nyuma.

Mara ya kwanza alidhani ni mwiba. Kisha akasikia ile ngurumo ya kooni aliyoijua vizuri, ngurumo ya Watasema akiwa ameikamata ngozi. Mungu wangu! Ngozi ni ileile. Harufu ni ileile. Alikuwa amemfundisha mbwa, asubuhi baada ya asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, kuirarua mbeleko ya mwanawe.

Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia kimbia. Na alijua, hapo ndipo hofu ilipomkata maini, kwamba akikimbia ngozi itakimbia, na kinachokimbia Watasema hukifukuza. Akigeuka, itazunguka, naye atairukia. Mtungi ulianguka ukapasuka. Maji yakamtiririkia miguuni. Josepha akaanza kulia, na mbwa akavuta tena, akatikisa kichwa kama wanavyotikisa wanapoua panya. Paskazia alihisi fundo linateleza kifuani.

Alisimama. Yeye, Paskazia, aliyepanda kinu kwa ajili ya mbwa, alisimama tuli na meno yako nyuma yake. Kisha akasema kama alivyosema kila asubuhi:

"Wacha."

Mbwa akaachia. Akakaa chini, mkia unafagia vumbi, anangoja mchezo uendelee.

Paskazia alimkumbatia mtoto kifuani, akaondoka polepole, haangalii nyuma, mpaka alipofika kwa watu. Wakamfungua mtoto, wakamkagua. Kisigino cha Josepha kilikuwa na mchubuko mwembamba, na kwenye mchubuko, damu kidogo sana.

"Ni mwiba," walisema wanawake.

Paskazia hakuwasikia. Alikuwa anaona kidole cha mjomba wake.

Kwenye zahanati dresa aliitwa Anselm, kijana mtaratibu. Alikiosha kisigino kwa maji na sabuni kwa muda mrefu, mtoto akipiga mayowe, akatia dawa. Kisha akauliza, "Mbwa yuko wapi?"

"Shemeji yangu ameshachukua mkuki, mwanangu. Sasa hivi atakuwa amemmaliza."

"Rudi, mama! Rudi ukamzuie! Akifa leo hatutajua kitu. Mfungeni, mpeni chakula na maji, mtazameni kwa wiki mbili. Akiwa mzima, mtoto hana neno. Akianza kulegea, akikataa chakula, akibadilika sauti, niletee mtoto hima, tutafute sindano, na sindano iko mbali."

Alikimbia njia nzima, mtoto kifuani. Alimkuta Shilinde uani na mkuki, mbwa ndiyo kwanza anaingia, akamrukia mkono. "Usimuue! Nakuomba, shemeji, usimuue!" Shilinde alidhani mwanamke amerukwa na akili.

Wakamfunga Watasema kwenye nguzo ya ghala. Na tangu hapo Paskazia, aliyemchukia mbwa huyo kuliko shetani, akawa anamwombea uzima. Alimsagia mtama, akamtilia mchuzi. Usingizi haukuja. Kila mtoto alipokohoa, alimtazama mdomo. Alisali rozari mpaka maneno yakachanganyikana.

Siku za kwanza mbwa alikula. Kisha akaanza kuacha chakula. Akalala kidevu ardhini, hainui masikio hata kuku wakipita mbele ya pua yake. Asubuhi moja, wiki mbili zikikaribia kwisha, Paskazia alimwita, hakugeuka. Akampigia kelele, akapepesa macho tu.

Amelegea.

"Shilinde!" alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. "Amelegea! Mwanangu anakufa!"

Shilinde akaja, akachuchumaa mbali kidogo, akamtazama mbwa. Hakufanya utani hata kidogo, na hilo lilimtisha Paskazia zaidi. "Shemeji," alisema mwishowe, "huenda ni ugonjwa. Na huenda ni kamba. Mbwa aliyezoea kukimbia kila siku, ukamfunga hivi, hunyong'onyea. Mimi siwezi kukuambia ni lipi."

"Tutajuaje?"

Shilinde alifungua mkoba wake wa mitego, akatoa kipande cha ngozi ya digidigi, akakikata kile kipande cha mbeleko kwenye kamba ya ufito, akafunga hicho kipya. Kisha akaifunga shingo ya mbwa kwa kamba ndefu, akashika mwisho wake kwa mikono miwili. "Mimi nitamshika. Lakini sauti anayoijua ni yako. Buruta wewe."

Paskazia alimkabidhi jirani mtoto. Akaushika ufito. Akaburuta. Mbwa hakusogea. Akaburuta tena, karibu zaidi na ile midomo, na hapo akaona udenda kidogo. Je, mjomba naye alianza hivi? "Watasema," alimwita. "Baba, inuka. Inuka, baba, nakusihi."

Sikio moja likasimama.

Akavuta kamba kwa nguvu, ngozi ikaruka vumbini. Mbwa akainuka kwa miguu minne, akajinyoosha, akapiga mwayo mrefu, kisha akairukia kwa kishindo kiasi kwamba Shilinde alikokotwa hatua kadhaa akitukana. Akaikosa, akageuka, akaifukuza tena, mkia juu, anabweka sauti ileile ya siku zote.

"Mzima!" Shilinde alipiga kelele. "Shemeji, mzima huyu! Acha sasa, utamvunja miguu!"

Lakini Paskazia hakuweza kuacha. Alizunguka uani akiburuta ufito, machozi na kamasi vinamtoka mbele ya watu, anapaza sauti, "Kimbia! Kimbia, baba, kimbia!" na kila mbwa alipopiga hatua, alijua Josepha yu hai.