Gauni la Dada wa Hispania

Namshukuru Mungu kwa kuniachia macho ya kutunga uzi hadi uzeeni, na kwa majirani wa kunichekesha. Miaka hiyo nilikuwa nashona ugenini, mtaa wa Yeoville, mlango wa pili kutoka saluni ya Wakongo wenzangu. Televisheni ya mle ndani haikuzimwa, na msusi mmoja, binti wa kanisa letu, alikuwa na mwigizaji wake: dada wa Hispania ambaye sinema zake alizikusanya zote.

Nilimfahamu dada huyo kwa kupita na chai yangu. Kwanza alikuwa msichana wa mashambani, nywele ovyo, anagombana na kila mtu. Halafu akaenda Amerika, akapendeza, akazungumza Kiingereza kwa uangalifu, kama sisi tunapozungumza na polisi. Baadaye akarudi kuigiza kwao, na hata mimi nisiyejua Kihispania niliona kwamba sasa anapumua.

Msusi alipopata mchumba, akaniletea picha ya gazetini: mwigizaji anapokea tuzo.

"Papa fundi, nataka hili."

"Mgongo wake uko wapi?"

"Ndio mtindo, papa."

"Mwanangu, hapo kitambaa kiliisha."

Hakucheka. Kwetu, wamama wa kanisa hukagua gauni siku mbili kabla ya harusi. Bibi harusi huinama, huimba, huinua mikono. Likionyesha kisichotakiwa, atavaa gauni la kanisa, ambalo limekwisha kuwaozesha mabinti wa nusu ya Yeoville na linanuka dawa ya nondo.

"Nimewasuka wote waliolivaa," akasema. "Nikivaa lile, hata mume wangu hatajua ameoa nani."

Sikumhubiria. Nilimwambia akatafute sinema ambayo dada yule anaolewa. Akaja na kanda ya enzi za mashambani: gauni jeupe, shingo imefunikwa, mikono mirefu, kiuno chembamba, uzuri wa kukunyamazisha. Tukawa tunaisimamisha kanda huku nikichora. Chini ya kwapa niliongeza kipande kidogo, ili mikono ipande bila kuvuta kiuno.

Alhamisi wamama wakajaa dukani.

"Inama." Akainama. "Imba." Akaimba pambio zima. "Inua mikono." Mshono ukatulia.

Mama mwenyekiti akaliona lile gazeti juu ya cherehani. "Na huyu, ameolewa?"

"Kwenye sinema, mara nyingi," nikamjibu. "Mwenyewe bado, nasikia."

"Maskini. Harusi zote hizo, na jioni anarudi peke yake?"

"Tumwombee," akasema mwingine.

Wakafumba macho, wakamwombea dada wa Hispania mume mcha Mungu na kazi zenye heshima, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kwa kuwa Hispania iko jirani na Ufaransa.

"Amina," akasema mwenyekiti, akamgeukia msusi wetu. "Shusha mikono, mwanangu. Jumamosi uje na hilo hilo."